Sauti Iliyohama

Jumamosi hiyo lori lilifika saa mbili asubuhi, na ilipogonga saa tano nyumba ilikuwa imebaki kuta na alama za misumari. Wapakizi walianza na kabati la nguo, wakafuatisha vitanda vilivyofunguliwa, magodoro, cherehani iliyofungwa shuka isije ikakwaruzwa, mtungi wa gesi, ndoo sita na kiti cha kukunja cha mama mzee. Kadogo, paka wa nyumba, alitiwa kwenye kikapu kilichofungwa kamba juu, akakaa humo akiwalaumu wote kwa majina. Mbwa hakupakiwa. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mnyororo uliofungwa nguzo ya tangi la maji, na bwana wake alimwekea beseni la maji na sufuria ya makombo ya siku mbili.

"Kesho nakuja kukuchukua," alimwambia.

Mbwa alitikisa mkia. Aliitwa Meneja, kwa sababu tangu udogo wake alikula wa kwanza, alilala mlangoni mchana kutwa, na akiamka ni kwa ajili ya kufokea watu.

Bwana wake alikuwa karani wa mizani ya malori. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Waliishi na mama yake karani, mzee mwenye miguu iliyovimba, ambaye jengo jipya zima lilikuja kumwita Bibi. Mkataba wa jengo hilo ulisema waziwazi kwamba paka mmoja ruhusa, mbwa marufuku. Karani aliusoma na kuutia sahihi wiki tatu kabla ya kuhama, na katika wiki hizo tatu hakumtafutia Meneja pa kwenda. Si kwamba alimchukia. Alikuwa mtu wa kuahirisha, basi. Dalali alifunga geti la bati kwa kufuli kubwa, akaondoka na funguo. Mwenye nyumba alikuwa safarini na asingerudi kabla ya miezi miwili.

Kwenye jengo jipya, godoro la mwisho liliposhushwa, sauti ya Meneja ilishuka nyuma yake. Ilimbwekea mpakizi mmoja, naye akarudisha mguu nyuma, kisha akaendelea na kazi.

"Kumbe Meneja kaja," alisema mke.

Karani alichungulia chini ya turubai. "Kaja sauti tu," alisema, akarudi kusukuma kabati, ambalo lilikuwa limegoma kwenye kona ya ngazi.

Sauti ilipanda mpaka ghorofa ya pili, ikazunguka mlangoni mara mbili, ikatulia kando ya rafu ya viatu. Bibi alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake cha kukunja, akisubiri watu wamalize kumpita na vyombo.

"Mwanangu," alisema, "kama sauti iko hapa, yule kule ataita watu kwa nini?"

"Mama, kesho namfuata."

"Hana cha kuitia mtu. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Jumatatu asubuhi alikuja msimamizi wa jengo, mtu mwembamba mwenye daftari kwapani. Aliuliza mkataba unasemaje kuhusu mbwa. Karani akajibu bila kutazama karatasi kwamba mbwa marufuku.

"Na hiki ninachokisikia?"

"Hiyo ni sauti yake. Mbwa mwenyewe tumemwacha."

Msimamizi alichungulia chini ya vitanda, akanusa mito, akatafuta manyoya kwenye zulia. Kisha akausoma mkataba mara mbili kwa kidole. Ulikataza mbwa, kuku, mkaa na kuanika nguo kwenye ngazi. Haukukataza kubweka kusiko na mbwa. Akaaga kwa adabu, na sauti ikamsindikiza.

Wiki hiyo jengo halikupoteza hata ndala. Kabla ya hapo viatu viliondoka mlangoni kana kwamba vina miguu yao wenyewe, na mitungi miwili ya gesi ilikuwa imeibwa mchana kweupe. Sasa kila mgeni asiyejulikana alipokanyaga ngazi, Meneja alimshukia kwa maneno mpaka mtu huyo akakumbuka kuwa ana shughuli kwingine. Mwalimu wa mlango wa pili alikuja na furaha yake.

"Mbwa asiyekula, asiyechafua, asiye na kupe," alisema. "Unataka nini tena duniani?"

Jumapili ya ahadi karani alikuwa amechoka na kuhama. Jumatatu na Jumanne malori yalikuwa mengi. Na tusimwonee: kazini alikuwa mtu safi. Hakuna dereva aliyewahi kumpita na uzito wa uongo, hata kwa machozi. Lakini akitoka pale, uzito wa vitu vingine ulimpita vizuri tu.

Bibi ndiye aliyeona jambo la ngazi. Sauti ikibweka ilitoka mbio kwenye rafu ya viatu, ikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, na ilipofika ya tatu ikakatika ghafla, kama mtu aliyevutwa ukosi. Kila mara ngazi ya tatu. Aliisikiliza Jumanne nzima. Jioni karani aliporudi, mama yake alimtaka asimame pale na viatu vyake vya kazi, asikilize.

"Huo ni urefu wa mnyororo," Bibi alisema. "Hajafunguliwa na mtu."

Karani alisikiliza ikivutwa mara nne. Hakubisha, kwa maana vipimo alivijua. Alitoa simu akampigia dalali, ambaye hakupatikana, kisha akampigia jirani wao wa zamani, aliyepakana na ukuta ule, na kumuuliza habari za mbwa.

"Mbwa gani?" jirani alisema. "Tangu mhame hapa kimya. Angekuwepo si angebweka?"

"Hebu chungulia basi."

"Ukuta wote ule, kaka! Nakwambia hayupo. Utakuta kashachukuliwa na msamaria."

Karani alishukuru, akaweka simu mezani, na usoni akaonekana mtu aliyetuliwa mzigo. Akala vizuri.

Alhamisi mchana mvua ilinyesha mara moja, kubwa. Penye rafu ya viatu palikuwa pakavu, lakini sauti ilianza kulamba. Ililamba muda mrefu, kwa pupa, huku ikipaliwa. Mke wa karani alisimamisha cherehani kusikiliza.

"Anakunywa," alisema. "Mungu hamtupi mja wake." Akakanyaga pedali tena, shule zilikuwa zinafunguliwa na sare arobaini zilikuwa hazina mifuko.

Kadogo alikuwa ameshahamia mlangoni. Alilala ameegemea mahali ambapo ubavu wa Meneja ungekuwa, na asubuhi aliramba hewa pale kwenye masikio. Kuanzia siku ya mvua aliacha kula. Alikibeba kila kipande cha samaki alichopewa, akakiweka mbele ya sauti, akarudi nyuma kidogo, akangoja. Sisimizi ndio waliofaidi.

Ijumaa Bibi alivaa viatu vyake vya kutokea, akashika kitambaa chenye mkate na nyama, akashuka ngazi thelathini na nne akikalia kila moja. Ilimchukua karibu saa nzima. Msimamizi alimkuta getini.

"Bibi, unakwenda wapi na jua hili?"

"Kumfungua mbwa."

Msimamizi alimrudisha juu kwa heshima zote, amemshika kiwiko. Mke wa karani aliona aibu mbele za watu, na alipomsindikiza msimamizi alimwomba kwa sauti ya chini kwamba akimwona tena asimruhusu kutoka. "Mama ameanza kuchanganyikiwa," alisema. Alimpenda mkwewe, na aliamini anamlinda. Bibi alisikia yote akiwa ndani, akavua viatu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mkate ule alikuwa ameupaka mafuta.

Wiki ya pili sauti ilianza kukauka. Haikukimbia tena, ilitembea mpaka ngazi ya pili, ikasema neno moja, ikarudi kujilaza. Jumatatu viatu vya mwalimu viliibwa, jozi mpya. Wapangaji walinung'unika, na msimamizi akapanda na daftari lake.

"Mzee, mbwa wenu siku hizi anabweka kivivu."

"Hali kitu," karani alisema.

"Basi fanya mpango. Watu wameshamzoea."

Hapo ndipo karani alipokwenda. Mama yake alikuwa amemlilia siku tisa, na mtungi wa machozi haukumtoa mlangoni. Jozi moja ya viatu ilimtoa. Jumanne alipotoka kazini alipitia mtaa wa zamani. Alikuta kufuli la dalali palepale. Aligonga bati. Alichungulia kwenye tundu la geti, akaona ua wa mbele na majani yaliyoanguka. Nyuma ya nyumba hapakuonekana. Aliita kwa sauti, mara tatu. Alisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza mizani ikitulia. Kimya. Akaenda zake.

Alipofika nyumbani aliwakuta watu wa ghorofa nzima wamesimama kwenye ngazi. Mwalimu alikuwa na mwiko mkononi. Kadogo alikuwa amesimamisha mkia.

"Ulikuwa pale saa kumi na moja kasoro dakika kumi," Bibi alimwambia.

"Nani kakwambia?"

"Meneja. Alikupokea."

Wote walikuwa wameisikia. Saa hiyo sauti iliinuka kutoka penye viatu ikabweka ile ya furaha, ile fupifupi yenye kulialia ndani yake, aliyokuwa akimpokelea bwana wake kila jioni kwa miaka sita. Ilibweka hivyo mara tatu kubwa, kisha nyingi ndogondogo, ikavutwa, ikabweka tena, ikavutwa. Mke wa karani aliacha kushona akaja kufungua mlango, akidhani mumewe amefika.

Karani aliketi kwenye ngazi. "Mimi sikusikia kitu," alisema. "Niliita. Hakujibu."

"Atakujibuje, mwanangu, na sauti yake iko hapa?"

Mwalimu alirudi ndani maana chakula kilikuwa kinaungua. Karani aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu wahame alionekana ana uchungu wa kweli. Alisema kesho asubuhi ataazima ngazi kwa jirani yule, ataruka ukuta, atamtoa, atampeleka kwa bwana mifugo, na mkataba utajijua. Alisema hivyo na alikusudia hivyo. Usiku akapigiwa simu kwamba kuna msururu wa malori tangu jioni na mwenzake wa zamu ya asubuhi anaumwa. Akasema basi, mchana.

Saa nne asubuhi Bibi alikuwa mlangoni. Sauti iliamka bila kubweka. Ilipumua tu, hatua kwa hatua, ikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ikafika ya tatu. Bibi alishika mikono ya kiti akingoja ivutwe. Haikuvutwa. Ilishuka ya nne. Ilishuka ya tano na ya sita, na kuanzia hapo ikaanza kukimbia. Mama mmoja aliyekuwa anapanda na ndoo alijibanza ukutani kuipisha. Ilivuka ua, ikapita chini ya geti, ikabweka mara mbili huko barabarani, mbali, kwa nguvu zake zote za zamani. Haikurudi tena. Kadogo alikaa akitazama ngazi ya tatu, na Bibi akalia kama anavyoliliwa mtu.

Mchana karani alipigiwa simu na mkewe, akaambiwa sauti imeondoka.

"Amekufa," Bibi alisema jioni.

"Si amevuka ngazi ya tatu? Basi amefunguliwa," karani alisema. "Si niliwaambia kuna mtu atamfungua?" Alinawa mikono akaketi mezani. Ngazi haikuazimwa.

Siku ya nne baada ya hapo mtungi wa gesi wa mwalimu uliibwa. Msimamizi aliitisha kikao cha wapangaji uani, kila mtu na kiti chake. Hoja ilikuwa moja. Watafute mbwa mwingine, wakamfunge mahali, wamwache; sauti itakuja yenyewe, mkataba hautaguswa. Wote waliona ni busara. Swali likawa ni mbwa wa namna gani, na wakamgeukia karani kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu.

Karani alifikiri sana kabla ya kujibu. Hakupenda kutoa kipimo cha kubahatisha.

"Msimchukue mkubwa," alisema. "Mchukueni akiwa mdogo, awazoee. Mumlishe kwa mikono yenu, mcheze naye. Asipowapenda, sauti haitawafuata."

Msimamizi aliandika.

Walimlea mtoto wa mbwa kwa miezi minane kwenye kibanda cha shangazi yake msimamizi, wakipokezana zamu za Jumapili. Mwalimu alimshonea mpira wa matambara. Watoto walimpa jina, wakagombana juu ya nani anapendwa zaidi. Kisha shangazi akahama, na msimamizi akaenda kufunga mlango.

Sauti ilifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nyembamba bado, haijui imbwekee nani. Wapangaji walitoka milangoni wakipiga makofi. Bibi naye alitoka, ameshikilia ukuta, akamshika msimamizi mkono wa shati.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mbali huko, Bibi," msimamizi alimwambia kwa upole. "Usijali. Wala hasikiki."