Kiti Kisichosogezwa

Mguu wa Mzee Muriuki ulielea hewani ukiitafuta pedeli, kama mguu wa mtu anayeingia mtoni asijue kina chake. Hakuipata. Akajivuta hadi ukingoni mwa kiti, mgongo ukaachana na egemeo, na ncha ya kiatu ikagusa chuma bila kuweza kukikanyaga. Lori lililoileta ile gari ya buluu lilikuwa limekwisha ondoka. Mkewe, Rahab, alisimama kando ya maegesho ya fleti zao za Burnsville, Marekani, leso ya matanga ikichungulia chini ya koti zito.

"Kiti kimesukumwa nyuma kabisa," mzee alisema, akipapasa chini kulitafuta komeo. "Zachariah alikuwa na miguu ya korongo. Ngoja nikivute."

"Usikiguse, Baba Zachariah."

Alilisema polepole, kama mtu anayemzuia mwenzake asimwamshe mtoto. Mkono wa mzee ukabaki juu ya komeo. Ndipo alipoelewa kwamba nafasi ile iliyobaki kati ya mguu wake na pedeli ilikuwa ndiyo kipimo cha mwana wao, na kwamba duniani kote hakikubaki kipimo kingine.

Gari ile Muriuki alikuwa ameinunua mwenyewe, kule Woodbury, mji wa jirani, kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akiifuta vumbi zaidi kuliko alivyoiendesha. Zachariah, mwanawe wa pekee, alikuwa Australia, mhandisi katika migodi, na tangu utotoni Nyeri alikuwa akichora magari ya Kimarekani ya mbio, yenye pua ndefu na mgongo mfupi. Baba mtu, aliyefua mashuka ya hospitali mchana na kusoma shule ya usiku mpaka nywele zikamgeuka mvi, aliona kwamba mtu aliyelea msomi ana haki ya kumpelekea zawadi ya kumshangaza. Akaisafirisha kwa meli. Kule Australia, ambako magari hupita kushoto kama Kenya, mafundi waliuhamisha usukani ukawa kulia. Zachariah alituma picha akiwa ameiegemea gari, anacheka. Muriuki aliionyesha picha hiyo kanisani hata watu wakaanza kumkwepa mlangoni.

Kisha moyo wa Zachariah ukasimama, kazini, adhuhuri ya siku isiyokuwa na dalili yoyote.

Susan, mke aliyemwoa huko, alipiga simu akilia. Zachariah, alisema, alikuwa ameomba kwamba akifa achomwe. Alishachomwa. Rahab, aliyekuwa ametoka kupasuliwa goti asiweze kusafiri, alisikiliza akiwa amelala. Susan akauliza kwa unyenyekevu kama wazazi wangependa kupelekewa nusu ya majivu.

Muriuki hakumgeukia mkewe. Alijibu kwa sauti ile ya mimbarini, iliyomfanya achaguliwe mzee wa kanisa: "Kwetu mtu huzikwa. Mwana wangu hagawanywi kama unga. Kama unataka kutufariji, turudishie ile gari."

Jumapili iliyofuata maneno hayo yalisimuliwa kanisani, na wengi wakamshika mkono. Hata Philister, kiongozi wa akina mama, ambaye kwa kawaida hamsifu mtu kabla hajafa, alisema mzee amesimama imara kama mti wa mugumo. Rahab yeye alijifunga leso ya matanga, na majirani walipomwuliza ataivua lini, alijibu kwamba hajaona mchanga ukimwangukia mtu.

Kwa hiyo Muriuki aliingoja gari kama wengine wanavyongoja jeneza uwanja wa ndege. Alijiambia kwamba itakuja na kitu: unywele kwenye egemeo, karatasi ya peremende, harufu ya mafuta ya nazi ambayo Zachariah hakuwahi kuacha kujipaka. Alipofungua mlango, kilichomlaki ni harufu ya sabuni. Wasafirishaji walikuwa wameisugua ndani na nje, hata nyufa za mazulia, kama ada ya kazi yao. Hawakumwacha mtu humo. Kiti tu ndicho ambacho hawakukijali.

Tangu siku ile gari ilikaa maegeshoni bila kuendeshwa. Rahab alikuwa akiteremka kila asubuhi akijikokota kwa goti lake bovu, anaingia kwa mlango wa kushoto, anaketi kando ya kiti kile kitupu. Katika nchi hii, upande ule ndio wa dereva. Wapita njia walimwona bibi kizee amekaa mahali pa usukani bila usukani, wakageuza nyuso. Muriuki alimtazama kutoka dirishani. Mara mbili tatu alivaa viatu ili amfuate, akavivua tena.

Ndipo lile jibu lake la simu lilipoanza kumgeukia. Alilirudia akinyoa ndevu, akalikuta limepungua uzito. Alilirudia kanisani, wakati watu wakiliimba pambio, akasikia ndani yake kiburi kilichovaa shuka la mila. Alikuwa ametetea desturi, naam. Lakini desturi ilikuwa ya kumpa mama mahali pa kulilia, naye alikuwa amempa gari. Asubuhi moja akampigia Susan. Alizungumza Kiingereza chake cha shule ya usiku, kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi, mpaka alipofika kwenye ombi lenyewe, kikamkatikia.

"Yale majivu," alisema. "Hata kidogo. Hata kijiko."

"Baba," Susan alisema, "ulisema hamyataki. Niliyamwaga baharini, pale alipozoea kuegesha gari jioni. Sikubakisha. Nisamehe."

Alipoweka simu chini, Rahab alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kikombe mkononi.

"Hayapo," Muriuki alisema.

"Najua. Nilimpigia kabla ya gari kufika."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa na furaha ya kupongezwa."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Muriuki angepata la kujibu.

Theluji ya kwanza nzito ilianguka juma lile. Kwenye milango ya fleti pakabandikwa tangazo: magari yote yahamishwe upande wa pili wa maegesho ili tingatinga lizoe theluji, litakalobaki litakokotwa. Callixte, jirani kutoka Kongo aliyehamia na familia yake ghorofa ya chini, alimkuta mzee amesimama mbele ya gari, kofia imemfunika masikio.

"Papa Muriuki, unangoja gari ijiendeshe?" alisema. "Hata hapa Amerika hiyo bado."

"Siifikii pedeli."

"Basi vuta kiti, Papa. Tia alama kwa chaki, ukimaliza unakirudisha palepale. Hiyo ni kazi ya dakika moja."

Rahab, aliyekuwa ndani ya gari upande wa kushoto, alifungua mlango. "Kikishasogezwa, Callixte, kitakuwa kiti alichokiweka mzee. Sasa hivi ni kiti alichokiweka mwanangu."

Callixte alimtazama mama, akamtazama mzee, na mzaha ukamtoka usoni. Mwenyewe alikuwa ameacha makaburi huko kwao Minembwe ambayo hajui kama bado yana alama. Alivua glavu, akatoa simu. "Sawa, Mama," alisema. "Basi tutaisukuma."

Walikuja kwa haraka ya watu waliozoea kuitwa: vijana wawili wa kwaya, shemeji yake Callixte, baba mmoja Mmeru wa ghorofa ya tatu aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu hospitalini Maplewood, sare yake ya uuguzi ikionekana chini ya koti. Philister naye alifika, akiwaamrisha wanaume wafungue njia kwa koleo. Muriuki aliinama dirishani, akazungusha ufunguo ili usukani uachie, akatoa gia, akashusha breki ya mkono. Akaushika usukani akiwa nje, mkono wake ukipita juu ya kiti bila kukigusa.

Gari ikaanza kutembea. Hakuna aliyepaza sauti ya moja-mbili-tatu. Watu walitia mabega, wakienda hatua fupi zilizolingana, vichwa vimeinama kwa ajili ya upepo, na theluji ikilia chini ya viatu vyao. Rahab, aliyekwisha shuka, alifuata nyuma, Philister amemshika kiwiko. Katikati ya maegesho Muriuki aligeuka kuangalia kama magurudumu yamenyooka, akaona wanaume watatu ubavuni mwa gari, wawili nyuma, na mwanamke aliyejifunga leso akiwafuata. Kila mtu alikuwa ameshaona alichokiona yeye. Mmoja wa wale vijana wa kwaya akaanza kuvumisha wimbo wa mazishi bila kufungua kinywa, na wengine wakamwitikia vivyo hivyo.

Walipoifikisha upande wa pili, Muriuki alipandisha breki. Watu wakasimama, mvuke ukiwatoka mabegani. Rahab alisogea mbele. Aliinama kwa shida, goti likimgomea, akachota theluji kwa mkono mtupu, akaitupa juu ya paa la gari. Ilianguka bila kishindo. Philister akafuata, kisha Callixte, kisha wengine, mmoja mmoja, kila mtu konzi yake ya theluji.

Wote wakamgeukia mzee.

Muriuki alivua glavu. Alichota, akanyoosha mkono, kisha akasita, kwa kuwa alitaka kwanza kusema neno. Yeye ndiye msomi, yeye ndiye mzee wa kanisa, maziko hayafungwi bila neno. Alilitafuta. Kiganja chake kilikuwa bado moto kwa kuushikilia usukani. Alipokitazama, kilikuwa na maji tu, nayo yalikuwa yakimchirizika kwenye kifundo yakiingia katika mkono wa koti.

Nyuma yao tingatinga lilikuwa limemaliza upande wa kwanza. Dereva alifungua dirisha, akapunga mkono kwa adabu, akionyesha kwamba sasa anataka kuzoa huku, na gari ile ya buluu irudishwe kule ilikotoka.

Rahab alikuwa amekwisha ingia, upande wa kushoto, na kufunga mlango.