Jina la Pilipili Yangu

Mkwe wangu ana kipaji cha kuharibu kitu kizuri huku anatabasamu. Mimi napika pilipili ya chupa: pilipili, nyanya, kitunguu saumu, siki, na kukoroga mpaka mkono ufe ganzi. Majirani waliila kwa miaka bila jina lolote. Walisema tu "ile ya mama", na chupa zilirudi zimelambwa. Kisha binti yangu akaolewa na huyu bwana tunayemwita Meneja, kwa sababu hata akiosha vyombo lazima apange zamu. Meneja akasema duka kubwa halipokei pilipili isiyo na jina. Nikamwachia atafute. Mimi na Kiingereza hatujawahi kuelewana.

Mchana mmoja akaja na katoni ya lebo, akazimwaga kwenye meza tunayolia chakula. Nyeusi, zenye moto mwekundu na kandege kadogo juu yake, na neno moja kwa herufi kubwa: NAPALM. Chini yake, kwa Kiswahili ambacho hata mimi nakisoma bila miwani: Inanata. Haizimiki.

"Hilo neno ndiyo nini?"

"Ni silaha, mama. Ya zamani hiyo. Lakini siku hizi Waingereza wanaliita hivyo jambo lolote kali. Muziki, maneno ya ugomvi, pilipili. Ni neno la kuchangamsha tu."

"Silaha gani?"

Akatoa simu, akasoma huku anatafsiri, kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya mashine ya kufulia. "Petroli iliyochanganywa na dawa ikawa nzito kama uji. Hudondoshwa na ndege. Hunata popote inapoangukia, ikaendelea kuwaka." Akainua macho, anang'aa. "Hapo ndipo nilipoyatoa yale maneno ya chini. Yamekaa vizuri, au siyo?"

Neno sikulijua, lakini kitu chenyewe nakijua. Kwetu tulikiita "ule moto", na hatukukitaja wakati wa kula.

Kaka yangu anakaa chumba cha nyuma, anatengeneza saa. Joto liwe la namna gani, shati lake limefungwa vifungo mpaka kidevuni. Sikio lake la kushoto ni tundu tu. Vita vilipopita kwetu tulikuwa watoto. Alikuwa uani anaanua nguo, ndege ikapita chini. Mama yetu alikimbia na ndoo akammwagia maji, na moto ukatembea na maji, kutoka begani mpaka kiunoni. Mama alikufa bado anasema kwamba aliyemchoma mwanawe ni yeye.

Meneja alikuwa ameambiwa kwamba mjomba aliungua utotoni. Hakuwahi kuuliza aliunguaje.

"Zikusanye hizi," nikasema. "Kaka asizione."

"Mbona nyingine nimempa tangu asubuhi? Ana mkono mtulivu, nikamwomba abandike."

Nilikwenda chumba cha nyuma nusu nakimbia. Kaka alikuwa kwenye kiti chake cha kazi, saa zimesogezwa kando, na chupa zangu zimejipanga mbele yake zote zimevaa ule uchafu. Kila lebo imenyooka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kaka, neno hilo unalijua?"

"Nalijua. Madaktari walilisema juu ya kitanda changu kila asubuhi. Nililijua kabla sijajua kuandika jina langu."

"Sasa kwa nini umebandika?"

Akapangusa gundi kidoleni. "Pilipili ni yako. Nilidhani wewe umekubali."

Hapo ndipo nilipoumia. Meneja alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni na simu mkononi, anatutazama mmoja mmoja kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Baba," kaka akamwambia, "nisomee maelezo yake."

Akasoma. Safari hii sauti ilikuwa ndogo. Petroli, uji, ndege. Alipofika kwenye kunata akasita, kaka akasema, "Endelea." Akamaliza.

"Basi?"

"Basi, mjomba."

"Harufu hawakuandika?"

"Hapana."

"Hm," kaka akasema. "Wameacha."

Nilidhani Meneja ameelewa, na labda alikuwa anaelekea huko. Lakini ana macho makavu huyu mtoto. Akasema, "Pole sana, mjomba. Sikujua. Lakini unajua, kama ungekubali tukueleze kwenye tangazo, mtu aliyeokoka, picha moja tu ya..." Akaonyesha shingo yake mwenyewe.

Nimeshasafisha choo kilichoziba na nimeshaosha maiti, na sikuwahi kuhisi kinyaa kama kile.

"Kaa chini," nikamwambia.

Nilileta beseni la maji ya moto, vitambaa na visu vya jikoni, nikampa kigoda. Tukatumbukiza chupa. Tukasugua. Lebo hazikutikisika, wino ulichuja kidogo, gundi ikatanuka, ikatushika vidole.

"Ni za kuhimili maji," Meneja akasema, bila kuniangalia. "Nilichagua zile imara."

Nikaongeza maji, nikasugua kwa hasira mpaka chupa ikanitoka mkononi. Kaka akaiokota. Akaifuta ikauka, akachukua kisu, akakilaza kwenye ukingo wa lebo.

"Acheni maji," akasema. "Maji yanaitandaza tu. Inakwanguliwa kavu, kuanzia pembeni, pole pole. Ikikatika unaanza upya." Kipande cheusi kikajikunja juu ya kisu, akakipangusa kwenye kitambaa. "Mimi walinikwangua hivi kila asubuhi, na yule muuguzi alikuwa na mkono mzuri. Aliimba."

Akamkabidhi Meneja chupa nyingine. Meneja akailaza mapajani, akaweka kisu pembeni ya lebo kama alivyoonyeshwa, akakwangua mara moja. Kisha akaweka kila kitu chini taratibu, akatoka. Tukamsikia anatapika uani.

"Mpelekee maji," kaka akaniambia.

Sikuinuka mara moja.