Inzi wa Kwetu

Mzee mwingine, mwanawe akirudi kazini, humuuliza kama amekula. Mama Monique alimuuliza Evodie habari za inzi.

"Inzi zetu zinasema nini leo?"

"Hazijasema kitu, Mama. Tungali tunazikata vichwa."

Hapo Mama Monique alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwahi kuzoea kwamba binti yake, aliyesomeshwa hadi Lubumbashi mpaka ukoo mzima ukaishiwa mbuzi, analipwa kwa kukata vichwa vya inzi. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Katika maabara moja ndogo ya Kalemie, juu kilimani, ambako dirisha likifunguliwa upepo wa ziwa unapeperusha kila kitu kisichobanwa, Evodie na mwenzake Bertin walipokea vichupa vya spiriti ya kuhifadhia kutoka mto Luvua. Ndani yake mlikuwa na usubi, vile vijiinzi vyeusi vinavyozaliwa kwenye maji yaendayo kasi na kuuma watu mchana kweupe. Usubi huchukua mnyoo mdogo kutoka ngozi ya huyu na kuupeleka kwenye ngozi ya yule. Watoto wa mnyoo huo hutembea chini ya ngozi miaka na miaka, wakiwasha, mpaka wanayafikia macho. Mnyoo ulio tayari kumwingia mtu hukaa kichwani mwa inzi, na ndiyo maana vichwa hutengwa na viwiliwili, vikasagwa pamoja, vikapimwa. Alama ya mnyoo ikikosekana msimu baada ya msimu, basi dawa wanayomezeshwa watu kila mwaka imefanya kazi yake na ugonjwa umekatika.

Kwa Bertin hiyo ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Kwa Evodie ilikuwa ni mama yake. Jicho la kulia la Mama Monique lilifia kando ya Luvua, karibu na Kiambi, na la kushoto lilibaki na mwanga kidogo tu, wa kumwezesha kujua mlango uko wapi na jua limefika wapi. Mumewe, Papa Casimir, alipofariki, Evodie alimleta Kalemie. Mama alikubali kuja kidogo tu, kupumzisha kilio. Kilio kikapumzika, na yeye akaanza kuomba kurudi kwao.

Evodie akakataa. Inzi watamalizia na hilo jicho lililobaki, alisema. Mama akaomba tena, na tena, mpaka siku moja Evodie, kwa kutaka tu yaishe, akasema, "Siku inzi zikitoka safi, utarudi." Ahadi ni deni, na mama huyu hakuwa mtu wa kusahau deni. Tangu hapo akawa anaulizia inzi kila jioni.

Alichokuwa akikitamani si mto wenyewe, maana hata angeufikia asingeuona vizuri. Ilikuwa ni adabu ya kwao. Zamani zile, katika kijiji chao, upofu ulikuwa wa kawaida kama mvi. Mtu akizeeka kichwa kinakuwa cheupe na macho yanaingia giza. Nani wa kushangaa? Kwa hiyo kijiji kizima kilijua kuishi na wasioona. Mwenye macho ndiye aliyeanza kujitaja. Ukikutana na mtu njiani hukuanza na salamu, ulianza na jina: "Njo mimi," yaani ndiye mimi, "Evodie wa kwa Casimir, ninapita upande wa kushoto." Aliyepita kimya aliitwa mwizi, hata kama mikono yake ilikuwa mitupu. Kinu kilikuwa na mahali pake, na ukihamisha kigoda cha kipofu ulilipa kuku. Kutoka kwenye nyua mpaka mtoni zilifungwa kamba za magome ya miti, na kila asubuhi akina mama wasioona walishuka wakizishika, wakiwasengenya waume zao kwa raha zote, wakateka maji na kupanda nayo.

Evodie alikua akidhani dunia yote iko hivyo. Alipoletwa Kalemie kusoma, kwa baba yake mdogo, Jumapili ya kwanza alimwona kanisani mzee mmoja, mvi kichwa kizima, akisimama na kusoma Biblia bila kukwama. Mtoto akapiga ukelele na kuingia chini ya benchi. Mzee wa namna ile, na anaona! Bila shaka ameiba macho ya watu. Baba mdogo alimtoa nje kwa sikio. Na njiani karibu na bandari, Evodie alijitaja kwa kila aliyekutana naye, wachukuzi wakamjibu kwa majina ya uongo na kucheka mpaka mizigo ikawaponyoka. Aliacha upesi. Mtoto hujifunza haraka mahali anapochekwa.

Mama Monique yeye hakujifunza. Majirani wa Kalemie walikuwa wema, hilo hakulikana. Walimletea ndakala wabichi, vile visamaki vya ziwani, walimsaidia kuchambua majani ya muhogo ya kupika sombe. Lakini walisalimia kwa kichwa. Walinyoosha kidole na kusema "iko pale." Waliacha ndoo katikati ya ua, na miguu ya mama ikajaa makovu. Pikipiki zilimpita mlangoni kama upepo wenye hasira. Mwisho akawa anashinda kwenye kiti kimoja, yeye aliyekuwa akishuka mtoni peke yake, na Evodie akirudi alimkuta amekaa vilevile alivyomwacha. Kumwona hivyo kulimuuma. Alimuonea huruma, na bado hakutaka aende.

Kisha inzi wakasema.

Walisema mchana mmoja wa joto, Bertin akiwa mbele ya mashine na Evodie akiosha mikono. Vichwa vyote vya Luvua, msimu huu kama msimu uliopita na ule wa kabla yake, vilikuwa havina alama hata moja ya mnyoo. Walirudia kupima. Bertin akavua koti lake jeupe, akalizungusha juu ya kichwa, akacheza katikati ya meza bila muziki.

"Evodie! Kwenu wamepona! Cheza basi!"

Evodie alicheza. Alifurahi kwa kweli, furaha iliyomjaa mpaka kooni, akiwakumbuka akina mama wa kwenye kamba. Halafu furaha ikaingiwa na baridi. Miaka yote hii alikuwa amejificha nyuma ya inzi. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, alikuwa na mama huyu mmoja wa kumuuliza mambo jioni. Sasa inzi walikuwa wamemwacha peke yake, hana tena sababu ya kusema hapana.

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilishuka naye kilimani hadi nyumbani, likakaa naye kibarazani. Lakini swali lilikuja kama kawaida, na Evodie hakuwahi kumdanganya mama yake kuhusu kazi.

"Rezilta za kupima zimetoka, Mama. Inzi ni safi."

Mama Monique aliinuka kitini. Kisha akapiga kigelegele kirefu hata jirani akaja mbio na mwiko mkononi kuuliza nani amejifungua. Siku ileile vitenge vyake vikakunjwa na kutiwa mfukoni. Mwenda kwao si mtumwa, alisema, na akapiga simu Kiambi waje kumchukua.

Aliyekuja ni Glodie, mjukuu wa dada yake, mwanamke mchapakazi anayeuza samaki wakavu katika masoko ya kule. Alifika na lori, vumbi lote la barabara ya Nyunzu likiwa nyweleni mwake, akaingia uani kwa furaha na kumkumbatia Mama Monique kwa nyuma bila neno. Mama akaruka kama aliyeungua.

"Nani?"

"Njo mimi, nkambo, bibi yangu! Glodie!"

Wakacheka wote. Evodie alimtazama mgeni kwa macho ya kazi yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafurahi bila kujilazimisha. Miguu ya Glodie ilikuwa laini, haina yale madoa meupe ya mnyoo waliyokuwa nayo wanawake wote wa utoto wake. Macho yake yalikuwa mazuri, makavu, yenye ukali wa mfanyabiashara.

Glodie alikuwa na moyo mkubwa. Alifagia, alipika, aliimba. Lakini alitua gunia la samaki mlangoni, na Mama Monique akajikwaa. Alihamisha kigoda ili afagie, hakukirudisha. Akiulizwa kitu alitikisa kichwa, na mama akawa anangoja jibu ambalo lilikuwa limeshatolewa. Mara ya kwanza Mama Monique alicheka. Baadaye hakucheka, akaanza kuuliza maswali polepole, kama mtu anayepapasa ukuta.

"Glodie, ile kamba ya kwenda ku mutoni, ingali?"

"Kamba gani, nkambo?"

"Kamba ya magome. Inatoka kwetu mpaka ku mayi."

Glodie alifikiri. "Aa! Nilisikia habari yake. Kitambo walikata, wakafungia mizigo. Sasa kule ni njia ya baiskeli tu, zinashuka mbio!"

"Na watu wakikutana mu njia, wanajitaja?"

"Kujitaja kwa nini, nkambo? Tunaonana."

Alilisema bila ubaya wowote, akiendelea kutoa magamba ya samaki. Evodie, aliyekuwa akimenya muhogo pembeni, aliacha kisu kikatulia. Alitaka kumnyamazisha Glodie. Alitaka pia asikie.

"Vipofu walibaki wangapi?" akauliza mama.

"Papa Josias tu. Wale wazee wengine walikufa, na siye wengine dawa ilitulinda."

"Josias! Ule wa kuimba! Anashuka ku mayi na nani?"

"Haa, hashuki, nkambo. Baiskeli ilimugonga, mutoto hakumuambia kama anapita. Tangu hapo tunamuambia akae mu nyumba, asiumie. Anaikalaka tu mu nyumba. Tunamupelekea chakula, hakosi kitu."

Mama Monique aligeuza uso upande wa mlango, mahali mwanga ulipokuwa ukitokea. Hakosi kitu. Ni maneno yaleyale ambayo Evodie alikuwa akiwaambia majirani juu yake.

Evodie akaja kuchuchumaa mbele ya kiti. "Mama, njo mimi, niko mbele yako. Sikiliza. Nitaomba ruhusa ku kazi, kule ku labo. Tutaenda pamoja, tutafunga kamba mupya. Nitaongea na watoto wa shule, nitawafundisha."

"Utawafundisha nini?"

"Kujitaja. Kupita vizuri."

"Kwa sababu ya wazee wawili?" Mama Monique alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko machozi. "Hatukufundishwa, mwanangu. Tulikuwa wengi. Kila mutoto alijua kesho njo yeye. Sasa hao wa Glodie hawana ile kesho. Mumeiondoa."

"Mama, samahani."

"Samahani ya nini? Nikisikia unaomba samahani tena kwa kazi ile, nitakupiga na macho yangu haya haya." Akanyoosha mkono, akaupata uso wa binti yake, akaushika. "Nilikuwa ninaomba Mungu atoe ule ugonjwa. Kila siku, mu kanisa na nje ya kanisa. Sikufikiri kama atachukua na kijiji."

Glodie alikuwa amesimama na kisu cha samaki, hajui amekosa nini. Mama Monique akamwita, akamsifu kwa samaki wake, akamtuma salamu kwa Papa Josias, neno kwa neno, akamfanya azirudie. Kisha akamwambia arudi na lori litakaloondoka, na safari njema.

"Na wewe, nkambo?"

"Mimi nilitaka kurudi kwetu. Kwetu wamepona." Akamgeukia Evodie. "Toa vitenge mu mufuko, mwanangu. Vitaota ukungu bure."

Evodie aliingia chumbani, akafungua mfuko. Kitenge cha juu kilikuwa kile cha kanisani, alichokuwa amejiwekea mama kwa ajili ya siku ya kufika kwao. Alikuwa amepata alichokiomba kimoyomoyo: mama yake hatakwenda popote. Akakaa kitandani na kitenge kile mapajani, akalia kwa sauti, na nje akamsikia Mama Monique akimuuliza Glodie, kwa upole, kama mto bado una kelele zilezile pale kwenye mawe.

"Bado, nkambo," Glodie akajibu. "Kelele ni zilezile."