Baridi ya Karonga

Mume wangu Elius alipigwa stendi ya Makambako mchana kweupe, na watu waliovaa makoti. Nayataja makoti kwa sababu siku hiyo kila mtu alikuwa anatetemeka kwa upepo. Elius naye alikuwa anatetemeka, ila kwa jambo jingine, na hakuna hata mpumbavu mmoja aliyejiuliza.

Alikuwa anatoka Karonga, Malawi, alikopeleka viazi vyetu vya Njombe. Kabla hajaondoka nilimburuta hadi kwa nesi Hyasinta, jirani yetu, akamwelekeza: kule ziwani ni joto na mbu, lala ndani ya chandarua, ukisikia homa kapime siku hiyo hiyo. Elius akacheka. Chandarua tulichowahi kugawiwa tulizungushia banda la vifaranga, maana kwetu mbu wa kumwogopa yuko wapi?

"Mimi mtu wa baridi," akasema. "Mbu wa kule hawanijui."

Nilitamani kumzaba kibao. Habari ya mpakani nilimwambia mimi mwenyewe, maana namjua alivyo mbishi. Alikuwa atuletee vitenge vya sare ya kwaya yetu ya akina mama usharikani. Nikamwambia avionyeshe forodhani, alipie ushuru, achukue risiti, aje nyumbani kifua mbele.

Wiki ya tatu akanipigia simu. "Mama Lidia, nimeingiwa na baridi. Nimenunua hadi sweta."

"Baridi? Karonga?"

"Baridi tu. Nitaota moto nikifika."

Nikapiga kelele hadi majirani wakatoka nje. "Elius, Karonga hakuna baridi! Hiyo malaria, kapime!" Lakini sisi wa huku mtu akitetemeka tunajua dawa moja tu, kumsogeza jikoni. Akasema kesho anafika Makambako, atapima nyumbani, akakata simu. Kesho yake nikapanda gari kwenda kumpokea Makambako, nimebeba chupa ya uji.

Nilichelewa kidogo. Basi lake lilishafika, na homa ilishampanda kichwani. Walioona wanasema alishuka anayumba, akakalia pikipiki ya watu, akashika usukani na kuinamisha kichwa. Mwenye pikipiki akapiga ukelele wa mwizi. Wakamvua koti kwa nguvu, wakamrarua sweta, na chini yake wakakuta kitenge kipya chenye lebo, kimezungushwa kiunoni. Wakavuta, kikatoka kingine. Mume wangu mjanja alikuwa amejiviringisha vitenge mwili mzima ili forodha wasivione!

"Kavunja duka huyu!"

Basi, ikawa imetosha. Mmoja alikuja na jiwe, mwingine na mkanda wa injini. Bodaboda waliokuwa na abiria waliwashusha ili wasipitwe.

Nilipasua lile kundi kwa meno. Kweli, nilimng'ata mtu mkono hadi nikaonja damu yake, na mwingine nikamtwanga chupa ya uji usoni ikapasukia hapo. "Mume wangu huyo! Anaumwa malaria!"

"Malaria Makambako?" mtu akacheka.

Elius alikuwa chini, mdomo umepasuka, jicho moja limefumba. Kila mguu uliomjia aliusalimia. "Kamwene," alikuwa anasema. "Kamwene." Salamu yetu ya Kibena, ambayo hata adui ukimpa lazima aitikie. Mbele yake alisimama Shedrack, kiongozi wa bodaboda pale, mtu wa kijiji chetu, amevaa gambuti. Niliona kabisa kwamba amesikia. Akampiga teke la tumbo. Ndipo akaniona mimi, na mguu ukabaki hewani.

Hospitali walimpima kwa sababu niligoma kutoka mlangoni. Malaria ilikuwa imejaa. Daktari akaniambia bandama ya mwenye malaria huvimba, teke moja linatosha kuipasua, na yake ilikuwa imepasuka. Elius hakunitambua. "Kamwene," akaniambia, kama mgeni.

"Kamwene, baba Lidia," nikamwitikia. Nililia hadi nesi akanitoa nje. Niliporudi alikuwa ameshakata roho.

Polisi waliuliza nani alipiga. Stendi nzima haikuona kitu, na mimi kichwa kilikuwa hakinifanyi kazi. Siku ya mazishi Shedrack akaja msibani mwenyewe, na gambuti zake zile zile. Nilikuwa nimekaa na kitenge kimoja cha Elius mapajani, chenye alama ya soli. Nikakitandaza mbele ya miguu yake, watu wote waone. Soli ilikuwa ile ile.

Lukas, mdogo wake marehemu, hakungoja maelezo. Mpini wa jembe ulimpata Shedrack begani, pigo la pili likampata mbavuni. Wanaume wakainuka, benchi zikaanguka. Sikumwonea huruma hata chembe. Nilitaka nisikie mfupa ukivunjika.

Shedrack akaanguka juu ya kitenge, amefunika kichwa kwa mikono. "Kamwene, shemeji," akalia. "Kamwene."

Lukas aliinua mpini, watu wote wakinitazama. Ningenyamaza, ingekwisha hapo hapo.

"Kamwene," nikaitikia.

Mpini ukashuka taratibu. Sikumsamehe, na sitamsamehe. Nilimwitikia tu, jambo ambalo yeye lilimshinda. Kisha nikamwambia Lukas amfunge mikono kwa kile kitenge, tumpeleke polisi, na mimi nikatangulia njiani.