Sahani Tatu Kwenye Shimo la Kokoto

Usiangalie pembeni. Ulimwona. Novemba iliyopita, kwenye barabara ya Skaar, kulungu dume mwenye masikio marefu kama ya nyumbu alivuka mbele ya gari lako kwa miguu mitatu, wa nne ukining'inia kama kamba ya kiatu. Ukafanya nini? Ukaongeza sauti ya redio. Ukajiambia atapona, au mbweha watamaliza kazi, ukaenda nyumbani kula soseji zako. Wengine tuna kumbukumbu ndefu.

Delmar Tveit, dereva wa greda la kaunti, hakuwa na redio ya kuongeza, maana kulungu yule alikuwa wake. Alimpiga risasi kwa yadi mia tatu na kitu, akafuata damu mpaka theluji ikafuta alama zote, akarudi mikono mitupu. Hakumsimulia mtu. Aliyejua ni dada yake Arlys tu, kwa kuwa walikuwa wote siku ile.

Kisha Juni kibali kikatoka. Miaka tisa Delmar alikuwa akituma maombi ya kuwinda dume mmoja kwenye Mabonde ya Kaskazini, ambako vibali hutolewa kwa kura, na miaka tisa kura ilimruka. Kule ni uwazi mtupu. Kulungu anakuona kabla hujafunga mlango wa gari, na ukitaka kumpiga, unampiga kwa mbali. Delmar aliapa: akimjeruhi na wa safari hii akampoteza, bunduki zote atauza, na hataingia tena porini.

Basi akaenda dukani kwa Boyd, muuza bunduki na risasi.

"Del! Nasikia kura imekukumbuka!" Boyd alicheka hadi meno ya nyuma yakaonekana.

"Imenikumbuka, bwana. Sasa nataka risasi ya kufika mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali."

Boyd akaisimamisha risasi moja juu ya kaunta, nene na ndefu kama kidole cha fundi. "Mia tatu magnamu hiyo, baruti tele. Yadi mia sita, kulungu yuko chini kabla hajasikia mlio."

"Na teke lake begani?"

"Aa, kidogo tu. Mwanaume hasikii."

Mwanaume hasikii! Maneno mawili hayo yamevunja miguu mingi ya kulungu kuliko magari yote ya kaunti. Babu zetu walijaza nyama kwenye mapipa ya chumvi kwa risasi ambazo leo magazeti ya matangazo yanaziita za kuchezea. Kila baada ya miaka michache wanatuletea ganda jipya, refu zaidi, lenye baruti zaidi, na sisi tunajipanga foleni kama ng'ombe wanaogombea jiwe la chumvi. Delmar naye alijipanga. Boyd, kwa kuwa wanafahamiana tangu shule, akamwazima bunduki ya kujaribia.

Arlys alikuwa na miaka sitini na sita, mpishi mstaafu wa shule, na risasi zake alizijaza mwenyewe kwenye meza ya cherehani, baruti akiipima punje kwa punje. Alilitazama lile dude mikononi mwa mdogo wake.

"Bega lako limekukosea nini?"

"Dada, hii inafika."

"Inafika wapi? Hata mimi nikipanda ndege nafika Alaska. Swali ni kama nitashuka pale nilipokusudia."

Jumamosi asubuhi wakaenda kwenye shimo la kokoto. Arlys akabandika sahani tatu za karatasi kwenye maboksi, yadi mia tatu kamili, maana sahani ile ni sawa na kifua cha kulungu, pale penye moyo na mapafu. Bunduki zilikuwa tatu pia: magnamu ya kuazima, mbili-sabini waliyoachiwa na baba yao, na kibunduki chembamba cha risasi ya milimita sita na nusu.

"Hiyo si ya Kirsi?" Delmar akauliza. "Aliyopewa akiwa na miaka kumi na miwili?"

"Ndiyo hiyo. Binti yangu ameangusha nayo madume manane. Wewe mwaka jana uliangusha nini?"

Delmar akajifanya anafuta darubini.

"Haya, lala chini. Nitakupakilia risasi mimi, na usigeuke kuangalia."

Magnamu ikanguruma, vumbi likaruka kushoto kwa sahani. Ikanguruma tena, vumbi likaruka chini. Mara ya tatu Arlys akampa bunduki imefungwa, Delmar akalenga, akavuta pumzi, akafyatua.

Klik.

Mdomo wa bunduki ukachota udongo. Bega likakimbilia nyuma. Macho yamefumbwa, uso umekunjamana kama mtu aliyeng'ata limau. Na hapakuwa na mlio wowote zaidi ya upepo.

Arlys alicheka mpaka akakalia ndoo. "Risasi haimo, Del! Umepigwa teke na hewa!"

"Dada, huo ni uhuni!"

"Uhuni? Jione basi! Ungekuwa mbuni, kichwa kingekuwa mchangani!"

Delmar naye kicheko kikamshinda, akalala chali juu ya kokoto akicheka. Kisha akaketi.

"Haukuwa upepo uliopeleka risasi mguuni mwaka jana."

"Haukuwa."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nyuma yako. Ulifumba macho kabla ya mlio."

"Mbona hukusema?"

"Ungenisikia? Ulikuwa unaitukana darubini."

Wakamaliza kazi. Risasi tano kwa kila bunduki. Magnamu iliingiza moja kwenye sahani. Mbili-sabini ya baba iliingiza tatu. Sita na nusu iliingiza zote tano, na mara mbili Arlys alipompa bunduki tupu, mdomo wake haukutikisika hata unywele. Kichwa cha risasi ile ni chembamba na kirefu, upepo haukisukumi ovyo, na teke lake ni kama kusukumwa na mtoto anayetaka peremende.

Kwa mia tatu na hamsini, tano ndani. Kwa mia nne, tatu ndani, mbili nje.

"Basi mia nne wewe hupo," Arlys akasema. "Hata dume kubwa kuliko yote duniani likisimama pale likuimbie."

Boyd alipokea magnamu yake kwa huzuni. "Imekushinda?"

"Imenishinda, bwana. Niuzie vichwa mia vya sita na nusu, dada atanijazia."

"Utampiga kulungu au utampapasa?"

"Nitampapasa mpaka afe."

Wiki ya pili ya msimu dume likatokea, mgongo mpana, pembe kama kiti kilichopinduliwa. Kipima-umbali kikasema mia nne thelathini. Delmar alilitazama kwenye darubini. Miaka tisa ilikuwa imesimama pale ubavu wazi. Akaondoa kidole.

"Hapa sipo," akanong'ona.

"Twende ulipo," Arlys akajibu.

Wakatambaa kwa tumbo, saa nzima, juu ya mipungate yenye miiba. Arlys alichomwa mahali ambapo hakukubali kupataja, na matusi yake yote akayatoa kwa kunong'ona. Mia tatu na kumi. Delmar akalaza bunduki juu ya begi, akaacha macho wazi, akaona manyoya yakiruka nyuma ya bega palepale alipolenga. Dume likapiga hatua thelathini, likalala. Safari hii hapakuwa na damu ya kufuata.

"Kirsi akisikia," Delmar akasema huku machozi na kicheko vikigombea uso wake, "ataidai bunduki yake."

"Ameshaidai. Amesema umnunulie nyingine."

Na wewe? Msimu bado una wiki tatu, na nje bado kuna mwanga. Usiniambie risasi yako inafika wapi. Chukua sahani ya karatasi na mtu mmoja asiyeogopa kukucheka. Akupakilie, mara nyingine asiweke kitu, na popote sahani itakapoanza kukukataa, hapo ndipo mpaka wako, kesho na siku zote. Weka chini kikombe hicho. Nenda sasa.