Wimbo wa Mama Warda

Kwa miaka thelathini na nne Shaban, mpiga tarumbeta wa Kibiti, alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupuliza kwenye harusi za watu. Ya pili, nzito kuliko hiyo, ilikuwa kuhakikisha mkewe Zaitun hausikii wimbo fulani popote nje ya harusi hizo.

Balaa alijitakia mwenyewe. Siku ya harusi yao alimpulizia Zaitun muziki mtamu, wa kumpepesua mtu taratibu, akamwambia kwamba siku saba hakulala akimtungia. Uongo mtupu. Aliutoa kwenye kaseti aliyoinunua Kariakoo, haina hata jalada, wimbo wa bosanova wa Kibrazili uliomzidi umri yeye mwenyewe. Ila wapiga tarumbeta wa Kibiti wana mila yao: wimbo aliotolewa nao bibi harusi ni mali yake, na anayeutaka kwa binti yake humpelekea doti ya kanga kumwomba. Kanga zikamiminika kutoka Mtawanya mpaka Nyamwage, na Zaitun akatembea mjini kichwa juu.

Shaban alidhani wimbo utajifia kama nyimbo nyingine. Wapi! Ulikataa katakata. Ulitokea kwenye tangazo la dawa ya meno, akakohoa mpaka likaisha. Ulitokea kwenye simu walipoambiwa wasubiri mhudumu, akaikata, akasingizia mtandao. Walipokwenda Dar wakaukuta unawangoja ndani ya lifti ya hoteli, akamvuta mkewe wakapanda ngazi ghorofa tisa, eti daktari kamshauri mazoezi. Wajapani waliuimba, Wafaransa waliuimba. Dunia nzima ilimwandama yeye mmoja, maskini ya Mungu.

Ikafika harusi ya binti yao, Warda. Bwana harusi, Haruni, anafanya utafiti wa kamba wa baharini kule pwani ya Salale, na siku hiyo alikuja na mwenzake wa kazini, jitu refu lenye tabasamu, Otavio. Shaban aliposikia kuwa ni Mbrazili, aliwakimbilia wapiga tarumbeta wenzake. Alijaribu kuwashawishi wapige kitu kingine. Zaitun akasema mwanawe anatoka kwa wimbo wa mama yake, na habari ikaisha hapo.

Wakapiga. Hawajafika mbali, Otavio akainuka, mkono kifuani, akauimba kwa Kireno, akicheza na machozi yakimtoka. Ulipokwisha, Zaitun akamuuliza ameujulia wapi.

"Bibi yangu aliniimbia, mama," akajibu kwa Kiswahili chake cha Salale. "Kwetu kila mtu anaujua."

Zaitun akapiga vigelegele. Akawageukia wageni, akawatangazia kwamba wimbo aliotunga mumewe umefika mpaka Brazili, kisha akamweleza Otavio kwa upole habari ya kanga, na kwamba Wabrazili wote bado hawajaleta.

Shaban angeweza kunyamaza. Otavio wala hakuwa ameelewa kinachodaiwa. Lakini alimwona mkewe alivyong'ara mbele za watu kwa uongo wake, na aibu ikampanda hadi masikioni. Alivua kofia.

"Mama Warda, sikuutunga mimi. Niliutoa kwenye kaseti."

Zaitun akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye viatu.

"Kwani kutunga hukujaribu?"

"Nilijaribu. Ukatoka mbaya sana."

Zaitun alikaza uso, lakini mabega yalikwisha kumsaliti, yanatikisika kwa kicheko.

"Basi Mungu alininusuru, Baba Warda. Leo ningekuwa nina wimbo mbaya, tena peke yangu. Nyimbo zote zilizopo, wewe ukanichagulia ule ambao dunia imeshindwa kuuacha. Haya, puliza, mtoto anasubiri."

Shaban alipeleka tarumbeta mdomoni, ila midomo ilikataa kukaza, imejaa kicheko. Ikabidi Otavio aanze peke yake, na Zaitun akamfuata kwa sauti ya juu, maneno yenyewe hajui hata moja.