Mapadri wa Namba ya Mama

Itambulike kwamba niliposema kazi ile itanichukua jioni moja, nilikuwa na akili timamu na nimeshiba makande.

"Jioni moja?" aliuliza Mwalimu Jastin, mkuu wa shule yetu. Alitaka programu ya kompyuta ya kutuma ujumbe kwenye simu za wazazi: kikao, likizo, mtoto anaumwa. Ingezinduliwa Jumamosi, siku ya wazazi, mbele ya mgeni rasmi.

"Ikizidi sana, na asubuhi yake, mwalimu."

Rafiki yangu Kheri, ambaye baba yake, Mzee Seleman, ana Fuso la mizigo Makambako, alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamhesabu miongoni mwa watu wasio na imani.

Jioni hiyo iliisha. Ikaja nyingine, na nyingine. Programu ilianguka kila ilipokutana na mwanafunzi wa Wanging'ombe, kwa kuwa kompyuta ilidhani ile alama katikati ya jina ndiyo mwisho wa maneno. Nilipoiponya ugonjwa huo, ikawapa wanafunzi wote mzazi mmoja, Mzee Ebeneza wa Tandala, ambaye kwa umri wake asingeyaweza majukumu hayo.

Alhamisi, ukungu umeifunika Njombe hata mlingoti wa bendera hauonekani, ikakubali. Ilibaki kujaribu kutuma kweli. Simu bwenini ni marufuku, hivyo nilihitaji namba ya mtu mzima mwenye moyo mkunjufu. Nikachagua ya mama.

Kijijini kwetu mtandao unashika nyumbani kwetu tu, pale juu karibu na misheni. Ujumbe wa mtu yeyote huingia kwenye simu ya mama yangu, Teodora, naye hujifunga kitenge akapita nyumba kwa nyumba kuufikisha. Hajawahi kupeleka neno la uongo. Watu wakibishana, mmoja akisema "Mama Tarsis ndiye kasema," ubishi umekwisha.

"Andika tu 'jaribio'," Kheri akashauri.

"Wewe huna sanaa."

Nikaandika: "Mzazi, mwanao amechaguliwa kwenda Roma kusomea upadri. Shule inakupongeza." Jina la mwanafunzi programu ingelijaza yenyewe. Mama ametaka niwe padri tangu nabatizwa. Angefurahi kidogo, kisha ningempigia kwa simu ya matroni kumwambia ni utani. Nikaiamuru mashine: mtumie mzazi wa kila mwanafunzi mwenye namba hii. Mwenye namba hii, kwa hesabu zangu, nilikuwa mimi. Nikabonyeza.

Ijumaa programu iligoma tena, safari hii ikisisitiza kwamba tuko mwaka 1970. Nilipigana nayo mpaka chakula cha jioni kikanipita. Kumpigia mama? Hata sikukumbuka kwamba nina mama.

Jumamosi, mgeni rasmi ndiyo kwanza anakaa, tukasikia ngoma. Geti likafunguliwa. Likaingia Fuso limejaa watu hadi juu, linaimba.

"Hilo la mzee wangu!" Kheri akaruka.

"Limebeba nini?"

Akatazama vizuri. "Kwenu, Tarsis. Limebeba kwenu kote."

Akina mama walikuwa na vitenge vya parokia. Kulikuwa na magunia ya viazi, jogoo, na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi, ambalo dereva alikuwa akilificha miguuni kwa heshima ya taasisi. Mbele kabisa alisimama mama, rozari mkononi, analia kwa furaha. Wa kwanza kushuka alikuwa Bibi Dorosela, anapiga vigelegele.

"Yuko wapi padri wangu? Yuko wapi Lightness?"

Lightness, mjukuu wake na nahodha wa netiboli, alinigeukia. "Mimi?"

Wanafunzi saba tunaotoka kijiji kile, wote tuliandikisha namba ya mama yangu, maana nyingine haipo. Nililijua hilo tangu shule ya msingi. Aliyekuwa hajui ni yule aliyebonyeza.

Mwalimu Jastin alinijia mbio. Nikafumba macho. Akanikumbatia.

"Hongera! Upande ule hajawahi kuja mzazi hata mmoja! Umewaandikia nini?"

Mgeni rasmi alipiga makofi. Sijawahi kuogopa makofi kiasi kile.

Mama alinivuta nyuma ya chumba cha kompyuta. "Safari ni lini? Paroko nimeshamwambia."

"Mama, lilikuwa jaribio."

"La nini?"

"La kompyuta. Nilitania."

Rozari ilisimama mkononi mwake. "Na wale wengine?"

"Wote."

Akaifunga rozari kwenye pindo la kitenge. "Mzee Seleman katubeba bure. Dorosela kachinja mbuzi jana. Niliwaambia mimi, Tarsis. Kwa mdomo huu."

Nilingoja kofi. Kofi ningelielewa. Badala yake akamfuata mkuu wa shule.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba ruhusa niende naye nyumbani. Kuna maneno yangu anatakiwa kuyarudisha, nyumba kwa nyumba."

"Lakini uzinduzi, mama! Huyu ndiye mtaalamu!"

"Bonyeza wewe, mwalimu."

Mama akanisukuma taratibu mgongoni hadi kwenye Fuso, ambako Bibi Dorosela alikuwa bado anacheza, katikati ya duara, peke yake.

"Anza na huyu," mama akasema.

"Kamwene, bibi," nikamsalimia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, baba padri!" Akanikabidhi jogoo nimshikie, apate kunishika mashavu kwa mikono miwili.

Mimi niliyewahi kuhutubia bweni zima juu ya mazishi ya panya bila kupumua, nilifungua mdomo, nikajikuta namsifia jogoo. Nyuma yangu mama alikuwa amesimama, ananisikiliza kama nitasema sawasawa.